Injini Inabana Mafuta, Bodi Inanenepa

Mabibi na mabwana, huo utepe mweupe mnaoukanyaga mlangoni nimeubandika makusudi. Kutoka ukutani hadi hapo ni mita 3.05, urefu mzima wa Mini, kile kigari kidogo cha Uingereza, ya mwaka 1959. Utepe wa pili, ule uliopita chini ya kiti cha mzee wa kofia, ni Mini ya milango mitatu ya mwaka 2014: mita 3.8 na ushei. Jina ni lile lile. Uzito umetoka kilo 600 hivi ukavuka 1,100. Sehemu ya uzito huo siinung'unikii, maana kuna mifuko ya hewa na vyuma vya kukinga mlango mkigongwa ubavuni.

Sasa moshi. Lita moja ya petroli haifiki kilo moja kwenye mizani, lakini ikiungua inatoa kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Najua mtauliza nyongeza inatoka wapi: ni oksijeni, ambayo kaboni huivuta hewani wakati wa kuungua. Kwa hiyo gari la petroli linalokwenda kilomita 19 kwa lita hutoa kama gramu 120 kila kilomita.

Mafundi wa injini walifanya kazi yao. Katika Umoja wa Ulaya, wastani wa gari jipya ulikuwa gramu 172 kwa kilomita mwaka 2000. Mwaka 2016 ukashuka hadi 118. Kisha ukaanza kupanda, na 2019 ukafika 122. Dizeli, inayokula mafuta kidogo kuliko petroli, ilikuwa imepoteza wateja, hasa baada ya kashfa ya Septemba 2015, Volkswagen ilipobainika kudanganya vipimo vya moshi, huku SUV, yale magari marefu yenye umbo la jipu, zikijaa barabarani. Na hizo ni gramu za maabara. Barabarani zilikuwa nyingi zaidi.

Kinachonikera mimi ni sheria. Lengo la Ulaya la gramu 130 kwa mwaka 2015 lilifuata uzito: kiwanda cha magari mazito kiliruhusiwa gramu zaidi. Marekani wakapima eneo lililo kati ya magurudumu manne, kwa hiyo ukitanua gari, lengo linakulegezea. Sasa nani atahangaika kutengeneza gari dogo?

Paris walijaribu njia nyingine. Februari 2024 wapiga kura waliafiki wasio wakazi wenye magari mazito kama SUV walipe euro 18 kwa saa kuegesha katikati ya jiji. Waliojitokeza hawakufika asilimia 6.

Nisaidieni kusogeza meza hii. Utepe wa tatu ni Range Rover ya 2022, mita 5 na kitu, na ukumbi umetubana.