Albamu ya Bure Ina Mwenyewe

Mwenyekiti wa kikao, walimu wa kwaya, wanamuziki wa bendi na wa kizazi kipya, wanafunzi, nanyi wasikilizaji ambao bila ninyi sisi tungekuwa tunajiimbia wenyewe: kwa wenyeji wa Iringa nasema kamwene, na kwa wenzangu tuliopanda nao basi jana kutoka Mbeya, poleni tena na safari. Nimeombwa nizungumzie wanamuziki wanaotoa albamu nzima bure kwenye mtandao, na kama jambo hilo linatufaa sisi wa Nyanda za Juu Kusini. Jibu langu nalitoa mapema. Linatufaa, ila kwa sharti kwamba anayetoa awe ndiye mwenye mali, na awe na njia ya kumjua aliyepokea. Aliyekosa mambo hayo mawili hajatoa zawadi; amepotelewa.

Nianzie kwetu Mwanjelwa. Kwa miaka kadhaa nilikuwa katibu wa kwaya moja ya usharika jijini Mbeya. Tulirekodi nyimbo kumi kwa michango ya wanakwaya wenyewe, wengine wakiuza debe la mahindi ili nauli ya kwenda studio ipatikane, kisha tukamkabidhi msambazaji mmoja kazi yote kwa makubaliano ya mdomo. Alitutumia fedha mara mbili, baada ya hapo simu yake ikawa haipokelewi. Miaka michache baadaye nilikuwa nimesimama kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo, jirani na soko, nikimsubiri fundi anibadilishie kioo cha simu, nikamsikia kondakta wa gari la Tunduma akimwambia kijana wa kibanda, "Niwekee na ule wa Yordani." Kijana akachomeka fleshi, akafungua folda iliyoandikwa KWAYA MPYA, akabofya ili mteja ahakikishe, na sauti iliyotoka ikawa ya mama yetu aliyekuwa akianzisha nyimbo, ambaye wakati huo alikuwa hajiwezi tena kwa miguu. Kwenye kompyuta wimbo ule uliitwa "Track 07". Mahali pa jina la mwimbaji palikuwa patupu. Nilimuuliza kijana hiyo ni kwaya gani. Akanijibu kwa heshima, "Sijui, mzee. Zinakujaga tu hivyo."

Sikumkasirikia, na hata leo simlaumu. Kilichoniuma ni yule kondakta. Alikuwa anaupenda wimbo wetu kiasi cha kuutaja kwa neno lake la katikati, alikuwa anausikilizisha kwa abiria wa Mlowo na Vwawa kila siku ya Mungu, na hakuwa na njia yoyote ya kutupata, hata kama angetaka kutualika kwenye harusi ya mdogo wake. Albamu yetu ilikuwa tayari ni ya bure. Sisi tu ndio hatukuwa tumeitoa.

Sasa tuwatazame waliotoa kwa mikono yao. Oktoba 10, 2007 kundi la Radiohead la Uingereza liliweka albamu yake ya saba, In Rainbows, kwenye tovuti yake, likamwachia msikilizaji aandike bei mwenyewe, hata sifuri. Wengi hukumbuka hiyo sifuri na kusahau yaliyoizunguka. Mkataba wa kundi hilo na kampuni ya EMI ulikuwa umekwisha, kwa hiyo nyimbo zile kumi zilikuwa mali yao bila ubishi. Pembeni ya bei ya hiari waliuza sanduku la pauni 40 lenye diski na santuri kwa wapenzi wao wa damu. Baada ya miezi miwili walifunga mlango wa kupakua, na diski ya kawaida ilipoingia madukani ilishika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani. Ni kweli pia kwamba walikuwa watu mashuhuri tayari. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1993, na umaarufu ule ulikuwa umejengwa kwa fedha za kampuni. Anayewaiga leo bila kuwa na jina aliweke hilo moyoni.

Hata hivyo, niliposoma habari ya bei ya hiari sikuona jambo geni. Nani katika ukumbi huu hajahudhuria uzinduzi wa albamu ya kwaya? Mgeni rasmi anaitwa mbele, ananunua nakala ya kwanza kwa laki tano, mfanyabiashara wa mbao kutoka Mafinga anafuata kwa laki moja, na bibi aliyekaa kiti cha nyuma anatoa elfu mbili iliyofungwa kwenye pindo la kitenge, naye anapewa diski ileile. Kabla ya hapo kulikuwa na kutunza. Ngoma ilichezwa uwanjani, hapakuwa na tiketi wala geti, na aliyeguswa aliinuka akamtunza mwimbaji kadiri moyo wake ulivyomtuma. Kwa hiyo kusikiliza bure na kulipa kwa hiari ni mambo tuliyokua nayo. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: pale uwanjani anayetunza alimwona mwimbaji uso kwa uso, na mwimbaji alimwona yeye. Mtandao umeondoa huo uwanja, na kazi yetu ni kuurudisha kwa njia nyingine.

Mwaka 2008 Trent Reznor, kiongozi wa bendi ya Kimarekani ya Nine Inch Nails, akiwa amekwisha achana na kampuni yake ya kurekodi, alitoa mkusanyo wa vipande 36 uitwao Ghosts I–IV. Tisa vya kwanza vilikuwa bure kabisa, vyote kwa pamoja viliuzwa dola 5, na kwa aliyetaka kitu cha kuweka sebuleni palikuwa na toleo la dola 300 lililotiwa sahihi, nakala 2,500 tu, ambazo zilikwisha zote. Mkusanyo ule ulitolewa kwa leseni ya Creative Commons, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 2001, inayomruhusu mtu yeyote kunakili na kugawa mradi amtaje mwenye kazi na asifanyie biashara. Yaani kila mtu alikuwa na ruhusa ya kumpa jirani yake vipande vyote 36 bila senti. Pamoja na hayo, mwaka huohuo ndio uliouzwa kuliko albamu zote za kupakua katika duka la Amazon. Watu walilipia kitu ambacho wangeweza kukipata bure kwa sababu walijua fedha inakwenda kwa nani.

Mfano wa Chance the Rapper wa Chicago ndio ninaowapa vijana wasio na jina, maana huyu alianza chini. Mwaka 2012 alitoa bure mkusanyo wake 10 Day, mwaka uliofuata Acid Rap, na Februari 2017 albamu yake Coloring Book, ambayo haikuuzwa kama diski wala kupakuliwa kwa malipo, ikapata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya rapu. Wanaompigia mfano huacha sehemu moja ya hadithi: kampuni ya Apple ilimlipa dola 500,000 ili albamu ile isikike kwake peke yake kwa wiki mbili za mwanzo, jambo alilolieleza mwenyewe hadharani. Msikilizaji hakuuziwa albamu, lakini mwimbaji alikuwa mwenye mali na aliweza kukaa mezani kupatana na tajiri.

Kutoa bila kuombwa nako kuna hasara yake. Septemba 2014 kundi la U2 na kampuni hiyohiyo ya Apple waliingiza albamu mpya katika akaunti za watu milioni 500 kwa mara moja. Waliokasirika walikuwa wengi mno hata kampuni ikatengeneza ukurasa maalumu wa kuifutia. Mgeni anayeingia chumbani bila hodi hukaribishwa kwa shida, hata akiwa amebeba zawadi.

Nirudi kwenye neno "mwenye mali", kwa kuwa hapa ndipo kwaya na bendi zetu zinapokwama. Chukueni wimbo mmoja wa kwaya. Mwalimu ameutunga maneno na sauti. Wanakwaya thelathini wameuimba. Kijana wa kinanda ameweka mapigo yaliyoufanya upendwe. Usharika umechangia studio, na prodyuza anakaa na faili mama, yaani rekodi ya asili ambayo nakala zote hutoka humo, kwenye kompyuta yake huko Soweto au Mafiati. Nani kati yao ana haki ya kusema "uende bure"? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na inautenganisha wimbo uliotungwa na sauti iliyorekodiwa, kila kimoja na mwenye haki wake. Nimeona kwaya ikigawanyika vipande viwili kwa sababu mwalimu alihama na nyimbo zake, na kila upande ukaamini kwamba umeibiwa. Karatasi moja yenye sahihi, iliyoandikwa kabla ya kuingia studio, ingetosha. Naomba walimu wa kwaya mnielewe: siwatuhumu, nawaombea muwekwe kwenye maandishi ninyi kwanza, kwa kuwa mtunzi ndiye husahauliwa mapema.

Kuna na suala la bando. Albamu inayoitwa ya bure humgharimu msikilizaji wa Makete au Ludewa. Wimbo wa dakika tano ukihifadhiwa kwa kiwango cha juu, kilobiti 320 kwa sekunde, huchukua takriban megabaiti 12, na nyimbo kumi zitakula 120. Kwa kiwango cha 128, albamu nzima haizidi 50, na kwenye spika ya bajaji hakuna atakayetambua tofauti. Wekeni matoleo yote mawili. Kwa wenye uwezo, tovuti kama Bandcamp humruhusu mwanamuziki kuweka bei ya hiari, ikiwemo sifuri, na kumwomba anayepakua aache barua pepe yake. Wasikilizaji wetu wengi hawatumii barua pepe, lakini kila mmoja ana namba ya simu, na tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 namba ya simu ni mfuko wa fedha pia.

Basi sisi tulifanya hivi. Tulimpata prodyuza, tukalipa tulichodaiwa, tukachukua faili mama, na mwalimu wetu akasaini karatasi. Kijana mmoja wa kwaya alikaa usiku mmoja akijaza taarifa za kila faili: jina la wimbo, mtunzi, kwaya, mwaka, na mahali pa jina la albamu akaandika namba ya katibu na lipa namba yetu. Kwenye picha ya jalada namba hizo zikarudiwa kwa herufi kubwa. Mwanzoni mwa wimbo wa kwanza mama yetu, akiwa amekaa kitini, alirekodi sekunde kumi za kusema sisi ni nani na tunapatikana wapi. Tukapakia mtandaoni, kisha nikabeba fleshi mpaka kwa yule kijana wa Mwanjelwa na kumwomba afute "Track 07" na wenzake, aweke hizi, na aendelee kutoza kazi yake ya kuingiza kama kawaida. Alisoma jina la kwaya kwenye kioo kwa sauti, mara mbili.

Simu ya kwanza ilitoka Tukuyu, ya mtu aliyetaka tu kujua kama yule mama bado yu hai. Nilipomwambia yupo, akaomba namba yake amtumie ya sukari. Tangu siku hiyo katibu hujaza daftari lenye safu nne: jina la aliyepiga, anakotoka, wimbo alioutaja, na alichokiomba. Zipo safari za harusi humo, ipo mialiko ya misiba, ipo miamala ya shilingi elfu moja moja, na wapo waliopiga ili kusalimia tu. Daftari nimekuja nalo, liko hapa mezani. Mwenyekiti akiruhusu, lizungushwe kuanzia mstari wa mbele.