Sifuri ya Kilimani

Msicheke neno dampo. Mwale wa elektroni ukishamaliza kazi lazima uishie mahali, kwenye bonge la metali linalomeza nishati yake yote. Huko ndiko ninakowapeleka tena. Mlionisikia mara ya mwisho, nivumilieni.

Pale SLAC, maabara ya kuongeza kasi ya chembe huko Marekani, palikuwa na jaribio la E137. Elektroni za GeV 20 (GeV ni kipimo cha nishati ya chembe), jumla yake zikikaribia 2 × 10²⁰, zilipigwa kwenye dampo. Nyuma ya dampo kuna kilima, mita 179. Nyuma ya kilima, mita 204 za uwazi, halafu kigunduzi. Kila chembe tunayoijua hukwama kilimani, isipokuwa neutrino, vijichembe vinavyopenya karibu kila kitu, na hizo najua mngenikumbusha. Chembe ngeni, nyepesi, isiyojali maada, ingepenya, ikaoza hapo uwazini ikawa elektroni na positroni, pacha wake mwenye chaji chanya, au fotoni mbili, yaani chembe za mwanga. Walipata matukio mangapi? Sifuri. Mwaka 1988 wakaichapisha sifuri yao.

Sasa yupo atakayesema fedha zimekwenda na maji. Nimekutana naye mara nyingi, na kila mara amevaa tai. Bwana tai, ngoja kidogo! Waliokuwa wakisakwa wakati ule ni aksioni, chembe nyepesi iliyokisiwa tu, na jamaa zake. Mwaka 2009 James Bjorken, aliyekuwamo E137, pamoja na wenzake wapya, waliirudia sifuri ileile wakaiuliza habari za fotoni giza, chembe ya kukisiwa inayofanana na fotoni lakini isiyojali sana maada. Ikajibu kwamba za aina fulani hazipo, bila mtu kuwasha mashine. Mwaka 2014 wengine wakaiuliza kuhusu maada giza nyepesi, ile isiyoonekana ila mvuto wake unahisiwa angani. Ikajibu tena.

Haijibu kila kitu, nakubali. Chembe inayoshikana sana na maada huoza ingali kilimani. Inayoshikana kidogo mno huzaliwa kwa nadra, na hizo chache hupita kigunduzi bila kuoza. Kwa hiyo urefu wa kilima ndio unaochagua utakachoweza kukiona.

“Si muende LHC?” Yaani ile mashine kubwa ya kugonganisha protoni. Kwa chembe nyepesi nishati tunayo tele. Tunachokosa ni wingi wa migongano, na dampo linao.

Slaidi hizi tatu nazipita. Hii ni NA64, jaribio la CERN, maabara ya chembe ya Ulaya: dampo lenyewe ndilo kigunduzi, na kinachosakwa ni nishati iliyopotea. Hii ni SHiP, jaribio jingine la hapohapo, lililoidhinishwa 2024, la protoni za GeV 400. Hii… hii ni kilima tena, samahani.

Maswali? Naam, wewe mwenye tai.