Mtoto Anayekimbiakimbia Saa Saba Mchana Amechoka

Shikamooni wazee wangu. Habari za mchana akina mama, akina baba. Nafurahi kuona akina baba wamekaa mbele, maana nusu ya maneno yangu leo yanawahusu wao.

Sina haja ya kuwaeleza kwamba mtoto lazima alale. Mnajua. Miaka yote niliyokaa kliniki ya mama na mtoto, sijakutana na mama asiyejua. Nililokutana nalo, na ambalo nimelisema mpaka wenzangu wananikimbia nikifungua mdomo, ni sentensi hii: "Nesi, huyu mwanangu mchana halali, hana usingizi kabisa, angalia anavyoruka." Mtoto ana mwaka mmoja na nusu. Anapanda mizani, anashuka, anavuta pazia, anang'ata dada yake. Na mama anamtazama akiamini kwamba nguvu zimemzidi.

Ndugu zangu, hizo si nguvu. Huo ni uchovu. Mtu mzima akichoka anainama. Mtoto mdogo usingizi wake ukipita bila kulazwa, mwili unajitia uchangamfu wa kulazimisha, na hapo ndipo mnapomwona anazunguka uwanja mzima huku akilia kwa jambo dogo. Kasi ikipanda na kilio kikawa karibu, usiniambie hajachoka.

Niwaeleze habari ya nyumba moja hapa hapa Mikindani, na mnivumilie, maana kila kitu kimo humo. Bibi anamlea mjukuu, mama yake anauza ming'oko na muhogo wa kuchemsha mjini Mtwara. Anaondoka alfajiri, anarudi jua likizama. Mtoto amekwisha pewa sifa mtaa mzima: mtundu, hashikiki. Jirani mmoja kasema ana jini, apelekwe kwa mtaalamu. Mwingine kamshauri bibi ampe kijiko cha dawa ya maji ya mafua, ile inayoleta usingizi. Nitarudi kwenye hiyo dawa.

Nikamwambia bibi, nikaribishe barazani kwako asubuhi, nisifanye kitu, nitazame tu. Mtoto aliamka saa kumi na mbili. Akanywa chai, akala kitumbua, akacheza na mchanga, akafukuza kuku. Ilipofika saa tano na robo akatulia. Akapikicha macho. Akavuta sikio. Akaweka shavu kwenye paja la bibi yake, macho yameganda. Pale, jamani, ndipo usingizi ulipofika. Nikasubiri nione nyumba itafanya nini. Mjomba wake akatoka ndani: "Aah, mbona umepooza!" Akamrusha juu mara mbili tatu, mtoto akacheka. Shangazi akawasha katuni. Bibi akaenda kugeuza moto, maana watu wa nyumba ile wanakula saa nane, na mtoto anasubiri ugali wa wote.

Saa saba yule mtoto alikuwa mtu mwingine. Kapanda ndoo, kaangukia kiwiko. Ndara za mjomba zimo kwenye pipa la maji. Ugali ulipoiva kala matonge mawili akatupa sahani. Bibi akajaribu kumlaza saa nane na nusu, akajipinda mgongo, akapiga kelele mpaka nyumba ya tatu. Saa kumi na moja jioni akalala ameketi, samaki mdomoni. Akaamka saa moja usiku ana macho makavu, na mama yake aliyesimama juani kutwa akakesha naye mpaka karibu saa sita.

Sasa niambieni, mtundu ni nani pale? Mjomba alicheka na mtoto, hakukosa adabu. Shangazi alitaka kumfurahisha. Bibi alikuwa jikoni kwa ajili ya watu wote. Kila mmoja alifanya jema, na usingizi wa mtoto ukapita katikati yao. Nyie mnaoishi na bahari mnajua: maji yakitoka hapa kwenye ghuba, dau limekaa topeni, na hakuna kelele ya nahodha itakayolitoa mpaka yajae tena. Usingizi wa mtoto ni huo huo. Una dakika zake, na ukishapita unasubiri mwingine, unaokuja jioni wakati usiofaa.

Tulichobadilisha ni chakula. Nasema tena, chakula, kwa sababu wengi wanadhani nitawauzia wimbo wa kubembelezea. Mtoto akala saa tano kabla ya wote: muhogo na mchuzi wa kunde, siku nyingine viazi, siku nyingine wali wa jana uliopashwa moto vizuri. Akaoshwa miguu na uso. Akapelekwa kwenye mkeka upande wa nyumba wenye upepo, pazia limeshushwa, bibi ameketi kando yake kimya. Mjomba akaambiwa: kati ya saa tano na nusu na saa saba, humjui mtoto huyu. Siku za kwanza alilia, na bibi alikuwa akiniangalia kwa jicho baya. Lakini wiki haikuisha kabla hajaanza kuufuata mkeka mwenyewe akishakula.

Najua mnachotaka kuniambia. "Sisi tulilelewa bila saa, na tumekua." Ni kweli mmekua. Lakini ulilala mgongoni kwa mama yako kwenye mbeleko akipalilia, au chini ya mwembe na dada yako anafukuza nzi. Na adhuhuri uwanja ulikuwa kimya kwa sababu ya jua, wakubwa nao wamejinyoosha. Ratiba ilikuwepo, ila hakuna aliyeiandika. Leo televisheni inaunguruma tangu asubuhi, simu inazunguka mkononi kwa mkono, bodaboda inapita dirishani, na mtoto analetewa wageni saa sita mchana wambebe.

Mwingine ataniambia, "Haya ni mambo ya Wazungu." Mama, usingizi hauna kabila. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto wa dunia nzima walio chini ya miaka 5: mwenye mwaka 1 mpaka 2 alale jumla ya saa 11 mpaka 14 kwa siku, usiku na mchana pamoja; wa miaka 3 na 4 alale saa 10 mpaka 13. Mwongozo huo huo unasema mtoto asibanwe mahali pamoja zaidi ya saa 1 mfululizo, na umetaja hata kufungwa mgongoni. Yaani mtoto anatakiwa akimbie, apande, achafuke, dakika 180 kwa siku zikigawanywa. Sitaki asikie mtu hapa kwamba nimesema mtoto afungiwe ndani. Akimbie asubuhi! Utundu wake wa saa mbili na saa tatu ni haki yake.

Na mwaka 2012, watafiti wa Marekani akiwemo Monique LeBourgeois wa Chuo Kikuu cha Colorado walichapisha jaribio la watoto wachache wa miezi 30 hadi 36. Siku moja waliachwa walale mchana, siku nyingine wakanyimwa, kisha wakapewa vipande vya picha wavipange. Walipokosa usingizi, furaha yao ya kufaulu ilipungua, na picha isiyowezekana kupangika iliwakera zaidi. Tazama hapo: hata kufurahi kulipungua. Huyo mnayemwita mkorofi ni mtoto ambaye hawezi kufurahia hata akipata anachotaka.

Sasa ile dawa. Hapa nitapandisha sauti na mtanisamehe. Dawa ya mafua si ya kulazia mtoto. Inaleta usingizi kwa sababu hayo ni madhara yake, na kwa mdogo kabisa madhara hayaishii kwenye usingizi. Yanaweza kugusa pumzi na moyo, na watoto wengine huwatia kiwewe badala ya kuwalaza. Januari 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba dawa za dukani za mafua na kikohozi zisipewe watoto wa chini ya miaka 2, hata wenye mafua kweli. Wewe unampa aliye mzima, ili upate nafasi ya kufua! Nafasi ya kufua ni haki yako, naitetea, ndiyo maana nasema mumeo, shemeji yako, mjomba wa mtoto, washike zamu ile ya saa sita. Akina baba, hapo ndipo penu. Msimu wa korosho ukiingia wanawake wanaokota tangu alfajiri, na mtoto anabaki na yeyote. Huyo yeyote ajue saa ya mtoto.

Muda unakwisha, naona mratibu ananionyesha saa. Haraka haraka. Chai ya majani usimpe mtoto mdogo, ina kinachomweka macho na inazuia damu kupata madini ya chuma kutoka kwenye chakula. Ikifika saa tisa mwamshe, asiule usingizi wa usiku. Miezi ya kaskazi chumba cha bati kinachoma, mtoe barazani. Aliye chini ya mwaka mmoja na nusu anaweza kuhitaji kulala mara mbili mchana, ni sawa. Wa miaka minne asiyelala lakini anafika jioni ana raha, mwache, wengi huacha kati ya miaka 3 na 5. Apumzike tu kimya. Habari ya minyoo na usingizi wa usiku niliiandaa, ila itabaki siku nyingine.

Jambo moja siliachi. Yule mkimbiaji wako, siku moja ukimkuta amelala bila kubembelezwa, amelegea, mwili wa moto, haamki vizuri, usishukuru kwamba leo ametulia. Huku kwetu malaria ipo. Mbebe saa hiyo hiyo mpeleke kituo cha afya akapimwe, usingoje mchana upoe.

Haya. Mama uliyebeba pacha, ulinyoosha mkono tangu nilipotaja mjomba. Karibu, uliza.