Jasho la Asha: mhadhara kuhusu filamu fupi "Pumzi"

Asanteni kwa kukaa. Naona wengine wako sakafuni, basi sitawaweka sana. Filamu tuliyoitazama ina dakika 20 na ushei. Itakuwa aibu maneno yangu yaizidi urefu.

Nianzie msalani, mnisamehe. Asha, mhusika mkuu, anakojoa, mkojo unachujwa, unarudi kuwa maji ya kunywa. Jasho lake nalo halipotei. Hapo mlicheka, niliwasikia. Lakini wako ambao hawakucheka, nao ni wale wanaojua kuogea beseni kisha maji yale yale wakayapigia deki. Wanuri Kahiu, mwongozaji wa filamu Mkenya, alipoitoa kazi hii mwaka 2009, aliiweka miaka 35 baada ya Vita Kuu ya Tatu, vita vya maji. Mwenye mtungi wa lita 20 kichwani hahitaji kusubiri hiyo miaka.

Kahiu amesimulia kwamba wazo lilimjia kwa kuona maji yanauzwa kwenye chupa: je, siku moja tutanunua na hewa? Ndipo jina likawa Pumzi.

Sasa tuitazame midomo. Mmegundua kwamba hakuna anayeifungua kuzungumza? Asha anaandika, mashine inasema kwa niaba yake. Wakubwa wa baraza wanamkatalia ruhusa ya kutoka nje, na sauti inayomkatalia haina hasira wala huruma. Ndoto zenyewe zina dawa ya kuzizuia. Filamu nyingi za mambo yajayo hutujazia masikio milio ya risasi. Hii inatunyima hata sauti ya binadamu anayebishana. Kwangu mimi, huo ndio ujasiri wake mkubwa, kuliko majengo na jangwa.

Manung'uniko yangu ni moja. Jina ni la Kiswahili. Mbegu anayoiotesha Asha, na jamii nzima anamoishi, zinaitwa Maitu, yaani mama kwa Kikuyu. Mashine inasema Kiingereza! Mnaweza kunijibu kuwa ndivyo ofisi zetu zilivyo: mlangoni "Karibu", ndani fomu za Kiingereza. Jibu zuri, ila bado linaniuma.

Ilipokewaje? Huko nje, vizuri. Ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Sundance, Marekani, mwanzoni mwa 2010, na mwaka huo huo ikatuzwa kuwa filamu fupi bora katika tamasha la filamu huru la Cannes. Wasomi wakaidaka, na leo ni nadra kukuta mjadala wa Afrofuturism, yaani sanaa inayowaza mambo yajayo kwa macho ya watu weusi, usioitaja. Lakini sifa zilikuja na swali lililonichosha: Mwafrika na bunilizi za kisayansi, wapi na wapi? Muda mwingi ukapotea kuuliza kama filamu ina haki ya kuwapo, badala ya kuuliza inafanya nini. Kahiu amejibu kwamba hadithi za namna hii si ngeni kwetu. Mimi naongeza: Wakikuyu wanasimulia kuwa Mugo wa Kibiro alitabiri nyoka wa chuma atakayepita nchini mwao kabla reli haijalazwa. Hiyo tuiite nini?

Upigaji picha ulifanyika Afrika Kusini, na sehemu ya fedha ilitoka ng'ambo. Wapo waliosema basi si filamu ya Kenya. Nawapita.

Turudi kwa Asha. Anatoroka na mche wake, anatembea jangwani, anapanda, anamwagilia maji yake ya mwisho, kisha analala juu yake kuukinga na jua. Kahiu alikuwa ametengeneza pia filamu ya hali halisi kuhusu Wangari Maathai, Mkenya aliyepigania miti, na hapa tunamwona Maathai bila kutajwa. Hata hivyo Maathai alipanda na akina mama wengi. Asha yuko peke yake, na hilo linanitisha kuliko kiu yake.

Watu hubishana: amekufa au amegeuka mti? Kabla hatujabishana, naomba taa zizimwe tuone tena ile picha ya mwisho. Safari hii msimtazame Asha. Tazameni kamera inavyopanda, mpaka msitu uonekane ng'ambo ya milima, karibu kiasi kile. Na sikilizeni: ngurumo, halafu mvua.