Nani Akabidhiwe Setilaiti? Mhadhara Kuhusu Uteuzi wa Maafisa Kadeti wa Anga za Juu

Ndugu mwenyekiti, wazazi wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa nyuma, ambao ndio hasa niliowajia:

Jambo hili nimelizungumza mara nyingi, na sitaliacha, kwa sababu kila mwaka naona vijana wenye uwezo mkubwa wakijiandaa kwa mtihani usiokuwepo. Wamesikia kwamba Marekani ina Jeshi la Anga za Juu, lililoundwa tarehe 20 Desemba 2019, basi wanaanza kwenda kupima macho na kukariri majina ya roketi, kana kwamba afisa wa jeshi hilo anaishi huko juu. Haishi huko. Wanaanga ni wachache mno, na NASA, shirika la anga za juu la Marekani, huwachagua kwa utaratibu wake yenyewe. Afisa wa anga za juu hufanya kazi yake ardhini, mbele ya kompyuta, akiongoza chombo, yaani setilaiti, ambacho huenda asikione kwa macho yake maisha yake yote, na zamu yake inaweza kuwa ya usiku wa manane wakati ninyi mmelala.

Niwaeleze kisa kimoja, na wale waliokwisha kukisikia kwangu wanivumilie, kwa kuwa sijapata kingine kinachoieleza kazi hii vizuri zaidi. Tarehe 26 Januari 2016, wakati kazi hii ingali mikononi mwa Jeshi la Anga, setilaiti kongwe kuliko zote za mfumo wa GPS, iliyoitwa SVN 23 na kurushwa mwaka 1990, iliondolewa kazini. Katika kuiondoa, taarifa za saa zisizo sahihi zikaingia katika baadhi ya setilaiti zilizobaki, nazo zikaanza kutangaza saa iliyopishana na saa ya dunia kwa mikrosekunde 13. Mikrosekunde moja ni sekunde iliyogawanywa mara milioni. Madereva hawakupotea njia, maana kosa lilikuwa katika marekebisho yanayounganisha saa ya GPS na saa ya dunia, wala halikugusa hesabu ya mahali. Hata hivyo mitambo ya mawasiliano inayochukua saa yake kutoka kwenye setilaiti ilipiga kelele za tahadhari katika nchi za mbali, ikiwemo Uingereza, na mafundi wakahangaika kutafuta hitilafu katika vifaa vyao ambavyo havikuwa na kosa lolote.

Najua mwenye shaka atasema kwamba hilo ni tatizo la programu, na afisa hana la kufanya kwa programu iliyokosea. Simlaumu mtu aliyekuwa zamu siku ile. Ninachosema ni kwamba programu haiwezi kujishuku yenyewe. Lazima awepo mtu anayeona tarakimu ikikaa vibaya, akasimamisha kazi, akamwambia mkubwa wake waziwazi, "Afande, hapa sielewi," ijapokuwa mkubwa huyo ana haraka na kila mtu chumbani amechoka. Kumpata kijana wa namna hiyo ndiyo kazi ngumu ya uteuzi, na hapimwi kwa kukimbia.

Msinielewe vibaya: mbio zimo. Anayeomba kuingia Chuo cha Jeshi la Anga kilichopo Colorado Springs hupimwa mwili wake, na moja ya vipimo ni kurusha mpira wa kikapu akiwa amepiga magoti. Yapo pia matokeo ya masomo, uchunguzi wa afya, na mapendekezo, ambayo wengi huyapata kutoka kwa mbunge au seneta wa jimbo lao. Hayo yote, ndugu zangu, ni mlango wa nje. Kijana akishaingia chuoni hajawa mtu wa anga za juu. Chuo hicho hulisha majeshi mawili, la Anga na la Anga za Juu, na anayetaka Jeshi la Anga za Juu hulazimika kuliomba, kisha ashindane na wenzake. Tarehe 18 Aprili 2020, wahitimu walipoketi kwenye viti vilivyotenganishwa kwa sababu ya korona, wazazi wao wakiwa hawapo, kati ya wahitimu 967 ni 86 tu waliotunukiwa kamisheni, yaani cheo cha uafisa, moja kwa moja katika jeshi hilo jipya. Ni chini ya mmoja katika kila kumi.

Mzazi mmoja aliwahi kunijibu kwa ukali kwamba mwanawe anapata alama za juu kabisa za hisabati, na hiyo inatosha. Haitoshi, na ninasema hivyo nikiwa mwalimu wa hisabati. Pale chuoni kuna mradi wa FalconSAT, ambamo makadeti husanifu setilaiti ndogo, huijenga, huijaribu na kuiendesha ikiwa angani. Mojawapo ilirushwa mwaka 2007. Kadeti aliyekesha akitafuta kwa nini betri ya setilaiti haichaji, akakiri mbele ya wenzake kwamba waya ule aliuunga vibaya yeye mwenyewe, ana la kusema atakapohojiwa. Mwenye alama tupu atasema ameipenda anga tangu utotoni, kama wanavyosema wote.

Mengine nitayataja kwa haraka. Chuo si njia pekee: ipo ROTC, yaani mafunzo ya uafisa yanayoambatana na chuo kikuu cha kawaida, na ipo shule ya maafisa kwa waliokwisha kuhitimu shahada. Anayetaka kuwa mhandisi wa jeshi hilo sharti awe na shahada ya uhandisi, lakini kuna nafasi za ujasusi na za mtandao pia, na tangu mwaka 2024 maafisa wapya hupitia kozi ya takriban mwaka mmoja katika kituo cha Peterson, wakijifunza mambo hayo pamoja na uendeshaji wa vyombo, kabla ya kupangiwa kazi. Uraia wa Marekani ni sharti la kamisheni. Kadeti anayetumwa na nchi rafiki husoma pale, kisha hurudi kulitumikia taifa lake.

Na wewe binti uliyenisimamisha mlangoni ukaniuliza kuhusu miwani yako: masharti makali ya macho ni ya marubani. Kwa anayeongoza setilaiti, miwani inayomfikisha kwenye kiwango cha kawaida cha jeshi haimzuii. Peleka maombi.