Nani Kasema? Fundi Bomba wa Chelsea, Kaburi Lake na Vitabu vya Sensa

Haya, mnanisikia huko nyuma? Sawa. Leo tunamtafuta fundi wa zamani wa Uingereza kwenye rejista za mazishi na vitabu vya sensa. Walionisikia siku zingine wanajua nitakachosema, usiamini namba ya kitabuni kabla hujauliza nani kasema, wavumilie tu, maana kila nikisema watu wanatikisa kichwa "kweli kabisa mwalimu", halafu wakifika nyumbani wanafungua kompyuta na kurudia kosa lile lile.

Mtu wetu leo anaitwa Thomas Crapper. Mnaojua Kiingereza cha mtaani, kwamba "crap" ni mavi, naona mshaanza, chekeni muishe. Alikuwa fundi bomba, akafungua biashara yake Chelsea, London, mwaka 1861, akafariki 27 Januari 1910. Na kabla hujanyoosha mkono: hapana, hakugundua choo cha kuflashi! Alexander Cumming alishapata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya choo chake 1775, Crapper hata hajazaliwa. Na kile cheo cha heshima cha "Sir" hakupewa. Alikuwa fundi anayejua kazi na anayejua kujitangaza, basi. Mpaka leo pale Westminster Abbey, lile kanisa la London walikozikwa wafalme wengi, kuna mifuniko ya chemba yenye jina la kampuni yake, watalii wanaikanyaga huku wameinua shingo wanatafuta wafalme.

Sasa. Mi siku zote nasema anzia kaburini. Watu wanapenda kuanzia kuzaliwa kwa sababu hadithi huanza hivyo, lakini wewe husimulii hadithi, wewe unatafuta mtu. Mtu anaweza kuzaliwa asiandikwe, sensa ikipita akawa safarini, ila kuzikwa lazima azikwe, na kuna mtu kaandika. Crapper kazikwa Elmers End, kusini mwa London, sio mbali na kaburi la W. G. Grace yule wa kriketi. Mtu atauliza, fundi wa Chelsea anazikwaje huko? Kwa sababu uzeeni alihamia Anerley, ni jirani hapo. Na viwanja vya kuzikia vya makanisa ya London vilikuwa vimejaa mpaka serikali ikaanza kuvifunga kwa sheria kuanzia 1852, ndo watu wakawa wanazikwa nje nje kama hayo makaburi ya Elmers End yaliyofunguliwa 1876. Umeona? Hatujasoma hata umri wake na tayari kaburi limetuambia alihama.

Haya, umri. Hapa ndo ugomvi wangu na dunia.

Rejista ya mazishi ya kanisa la Uingereza tangu 1813 ni fomu ya kuchapwa, watu wanane kwa ukurasa, na inakupa jina, alikokuwa anaishi, siku aliyozikwa, umri, na kasisi aliyezika. Kazi yake hakuna. Mke hakuna. Alikufa na nini, hakuna. Kwa hiyo mtu anarukia ile namba ya umri kama mwenye njaa, anatoa kwenye mwaka wa mazishi, anapata mwaka wa kuzaliwa, anaandika kwa wino. Mi nauliza swali moja tu: nani kasema? Marehemu hakusema, marehemu yuko kwenye jeneza! Kasema mjane, au mpangaji mwenzie, au jirani aliyetumwa kwa kasisi asubuhi akakadiria njiani.

Mi mwenyewe yalishanikuta. Nilimfuata fundi viatu mmoja miezi minne, jina sawa, parokia sawa, umri wa kwenye mazishi unakaa vizuri kabisa, nikamzika 1858 nikafunga faili. Siku moja naperuzi sensa ya 1861 namkuta kakaa na mkewe na watoto, bado fundi viatu, mzima wa afya. Nilikuwa nimemzika mtu mwingine. Miezi minne, jamani.

Sasa utasema si ndo maana kuna sensa, sensa itasahihisha. Haya tuone hiyo sensa. Ile ya 1841 waliambiwa mtu akizidi miaka 15 umri wake ushushwe mpaka kwenye tano ya karibu, kwa hiyo mwanamume wa miaka 39 anaandikwa 35, na hakudanganya, kashushwa na maelekezo, japo kuna makarani wengine hata hayo maelekezo hawakuyafuata. Kuanzia 1851 wanataka umri kamili, na parokia uliyozaliwa, na uhusiano na mkuu wa kaya, hapo mambo yanakuwa matamu. Lakini fomu anajaza mkuu wa kaya, asiyejua kuandika anajaziwa, kisha karani anakopi kwenye kitabu, na fomu zenyewe zikaja kuharibiwa, kwa hiyo unachosoma wewe ni kopi. Halafu makarani wa ofisini wakihesabu wanapiga mistari ya penseli juu ya namba, mstari unapita katikati ya 3 unaiona 8. Fundi wako kazeeka miaka hamsini kwa penseli ya karani!

Kuna mzee mmoja aliwahi kunijibu kwamba Wazungu wameandika kila kitu tangu zamani, sio kama sisi. Wapi! Crapper huyu huyu, wengi wanaandika kazaliwa 1837. Kitabu cha ubatizo kinasema kabatizwa 28 Septemba 1836 kule Thorne, Yorkshire. Unabatizwaje kabla hujazaliwa? Na cheti cha kuzaliwa usikitafute, usajili wa serikali ulianza 1 Julai 1837, yeye keshaanza kutambaa. Na tarehe ya ubatizo sio ya kuzaliwa, usinifanyie hivyo tafadhali, wengine walipelekwa kanisani wanatembea wenyewe.

Eti pia alitembea kwa miguu mpaka London akiwa na miaka 11. Tunachojua ni kwamba 1853 aliingia kwa kaka yake George, fundi bomba Chelsea, kama saidia fundi, na kwa ubatizo ule huyo ni kijana wa kama miaka kumi na sita. Sasa homework: sensa ya 1851 ilichukuliwa usiku wa 30 Machi. Nendeni mkamtafute alilala wapi. Sikuambii.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi: fundi mwenye wafanyakazi alitakiwa kuandika ana wangapi kuanzia sensa ya 1851, soma hiyo kila miaka kumi uone biashara inakua au inakufa. Wosia, kuanzia 1858 kuna orodha ya taifa, inakupa tarehe ya kifo, anwani na thamani ya mali, na hiyo tarehe ya kifo naiamini kuliko umri wowote. Vistari vya mshazari pembeni ya majina kwenye vitabu vya sensa, kimoja ni kaya nyingine ndani ya nyumba ile ile, viwili ni nyumba nyingine, msiwape watu wapangaji wasio wao. Makaburi ya pamoja nilitaka kuyasema, basi tena.

Na sensa ya 1931 ya England na Wales usisumbuke, iliungua yote Desemba 1942. Na haikuwa bomu la Mjerumani, naona mkono wako kaka, shusha. Ni moto wa kawaida tu, stoo iliungua.