Kusikiliza Bendi ya Watu Wawili

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Kuna jambo linaloniudhi kila bendi ya roki ya gereji, ile roki mbichi isiyopambwa, yenye watu wawili inapotoa albamu mpya: wahakiki huanza kwa kuhesabu visivyokuwepo. Hakuna gitaa la besi. Hakuna kinanda. Mpiga ngoma hapambi. Ukimaliza kusoma, unajua yote yaliyokosekana, ila hujui albamu inasikikaje.

Chukueni Elephant ya The White Stripes, yaani Jack White, mwimbaji na mpiga gitaa, na Meg White, mpiga ngoma, wa Detroit, Marekani; ilitoka Aprili 2003. Wahakiki walipelekewa nakala za santuri tu, ili nyimbo zisivuje kwenye intaneti. Aliyetaka kuiandika ilimbidi atafute mashine ya santuri, aketi, ageuze upande. Habari hiyo naipenda sana, maana albamu yenyewe iliundwa kwa subira ya namna hiyo: ilirekodiwa zaidi studio ya Toe Rag, London, kwenye mashine ya kanda ya njia nane, yaani isiyobeba zaidi ya sauti nane kwa pamoja, na jaladani wakaandika kwamba hakuna kompyuta iliyotumika.

Ilipokelewa kwa shangwe. Uingereza ilishika namba moja, na mwaka 2004 ikatwaa tuzo ya Grammy ya albamu bora ya muziki mbadala. Lakini sifa nyingi zilimwendea Jack. Meg, kwa miaka mingi, ameambiwa anapiga kama mtoto anayejifunza. Hapo ndipo ninapogombana na wahakiki wenzangu.

Naomba uwekwe "Seven Nation Army", wimbo wa albamu hiyo. Asante.

Mnaisikia hiyo sauti nzito? Wengi huapa kwamba ni besi. Ni gitaa la kawaida, Jack amelipitisha kwenye pedali, kifaa cha kukanyaga kwa mguu, inayolishusha sauti oktava moja. Sasa liacheni gitaa, fuateni mguu wa Meg. Du, du, du, du. Pigo moja kwa kila hesabu, basi. Matoazi bado hajayagusa kwa nguvu. Gitaa linapopanda na kuanza kunguruma, hapo ndipo anayaachilia, na wimbo unafunguka kama mlango uliopigwa teke. Angeyamwaga tangu mwanzo, pale pasingekuwa na cha kufungua.

Kwenye bendi ya watu wanne, mpiga besi huziba mapengo. Hapa pengo halina wa kuliziba, kwa hiyo mpiga ngoma ndiye anayeamua liwe na ukubwa gani. Huo ni ufundi, na unasikika kwa anayeusikiliza.

Sisemi kila bendi ya wawili ni nzuri. Zipo ambazo utupu wake ni utupu tu, nami nimeziandika hivyo. Ila tazameni The Black Keys, wawili wengine, wa Akron, Ohio. Albamu yao Thickfreakness, ya 2003, waliirekodi karibu yote kwa saa 14 kwenye chumba cha chini cha nyumba ya mpiga ngoma wao, Patrick Carney. Brothers, ya 2010, ikaja na besi na vinanda, ikapata Grammy. Ni albamu nzuri sana. Ninachokataa ni kuifanya ushahidi kwamba zile za mwanzo zilikuwa nusu kazi, zikisubiri kukamilishwa.

Maswali nitayapokea baadaye kidogo. Kwanza turudishe ule wimbo mwanzo kabisa, na safari hii tusikilize ngoma peke yake.